Kadi Nyuma ya Pazia

Tik.

Ndiyo sauti ambayo fundi anaikumbuka hadi leo: skrubu ndogo kuliko punje ya mchele ikidondoka kwenye kifuniko cha kopo, na sauti ya mama mkwe wake ikiifuata.

"Moja," alisema mama mkwe.

Kwa miaka tisa fundi alikuwa akifungua laptopu za watu nyuma ya pazia la kijani lililoligawa duka lake vipande viwili, na hakuna aliyewahi kuvuka upande ule kuhesabu chochote. Mbele kulikuwa na kaunta ya kioo, na mke wake akiuza chaja, vifuniko vya simu na maneno matamu. Nyuma kulikuwa na meza, taa yenye shingo ndefu, brashi za kila unene, na siri.

Mtaa mzima ulimwita Bwana Kadi. Watu walivuka mitaa mitatu yenye mafundi wengine ili wamfikie yeye, kwa sababu ilijulikana, na inapojulikana haiulizwi tena, kwamba yeye ndiye pekee anayeweza kukutolea kadi ya picha ya zamani kwenye laptopu na kukuwekea mpya. Kadi ya picha, kwa asiyejua, ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye kioo cha kompyuta. Katika kompyuta kubwa za mezani huchomolewa na kuchomekwa kama betri ya tochi. Lakini katika laptopu nyingi imelehemewa kwenye ubao mmoja na kila kitu kingine, na kutaka kuibadilisha ni kama kumng'oa mtu uso ili umpandikize wa jirani.

Fundi alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote mtaani. Na hakuwahi kubadilisha kadi hata moja.

Wala hakuwahi kusema kwamba anabadilisha, na hapo ndipo alipojificha. Yote yalianza kwa karani wa bima, aliyeleta laptopu yake akilalamika kwamba magari ya mchezo wake yanakwama kwenye kona. "Weka kadi mpya," karani aliagiza, kama anayeagiza soda. Fundi aliifungua, akaona kadi imeganda kwenye ubao, akaandaa maneno ya kumwambia. Wakati anayaandaa, mikono yake haikukaa bure. Ilitoa vumbi lililofunga feni kama kofia ya sufu, ikafuta dawa ya kupoza joto iliyokauka na kupaka nyingine, ikachomeka kipande cha memori kilichokuwa kikilala kwenye droo. Karani alirudi kabla maneno hayajaiva. Akaiwasha. Magari yakapita kona zote kama yamepakwa mafuta.

"Umenibadilishia kadi!" karani alipiga kelele, akamkumbatia.

Fundi alifungua mdomo ili amsahihishe. Halafu akaufunga. Umaarufu wake wote ulizaliwa katika mdomo ule uliofungwa.

Mwanzoni alijaribu kusema kweli, tena kwa ustaarabu. Alimwambia mwalimu mmoja wa hesabu, "Mwalimu, hii haidai kadi. Imejaa vumbi." Mwalimu alibadilika rangi, akauliza kama anaonekana mtu anayeishi kwenye vumbi, akaondoka na mashine yake. Fundi akajifunza jambo ambalo hakufundishwa na yeyote: ukimwambia mtu kompyuta yake imepitwa na wakati, atacheka, maana wakati humpita kila mtu na hakuna aibu. Ukimwambia ni chafu, umemtukania mama yake. Wiki iliyofuata mwalimu alirudi kwa unyonge. Safari hii fundi alisema tu, "Niachie, tuone," na jioni mwalimu aliichukua mashine yake akishukuru kwa kadi.

Vibandiko vilikuja baadaye, na vilidaiwa na wateja wenyewe. "Sasa watu watajuaje kama nimebadilisha?" mmoja aliuliza kwa uchungu. Basi fundi akaagiza boksi la vibandiko vyekundu vyenye alama ya radi, akawa anabandika kimoja karibu na kitufe cha kuwashia. Tangu hapo ofisi za mtaa ule zilikuwa na namna mpya ya kukaa: watu waligeuza laptopu zao upande upande, hata shingo zikawauma, mradi radi imtazame mwenzao.

Mke wake hakujua. Aliamini, na imani yake ilikuwa na sauti kubwa. Siku moja fundi alifika dukani akakuta bango jipya juu ya mlango: HAPA TUNABADILISHA KADI ZA PICHA. Mke alisimama chini ya bango, mikono kiunoni, akisubiri sifa.

"Umefurahi, baba watoto?"

"Nimefurahi," alisema fundi, akaharakisha kuingia nyuma ya pazia.

Mwaka mzima ulipita chini ya bango lile. Halafu, Jumatano moja asubuhi, akaingia mama mkwe, laptopu ikiwa kifuani kama mtoto mgonjwa.

Mama mkwe alikuwa mchora ramani za majengo. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye ofisi ya ujenzi akichora madarasa, stoo, vyoo na nyumba za watumishi, na kwa miaka yote hiyo, pale chini kwenye kona ya karatasi, sahihi iliwekwa na mtu mwingine. Sasa alikuwa amestaafu. Zahanati ya kata ilitaka jengo la wajawazito, na kamati ilimpa yeye kazi. Lingekuwa jengo la kwanza duniani lenye jina lake kwenye kona.

Lakini kamati haikutaka karatasi. Mwenyekiti alisema karatasi ni za enzi zilizopita, wanataka kuliona jengo kwenye kompyuta, waingie mlangoni, watembee. Mama mkwe, kwa umri wake, alijifunza programu, akalijenga jengo ndani ya laptopu ukuta kwa ukuta. Siku ya kuwaonyesha, alipoigeuza picha kuelekea mlangoni, paa likatoweka. Kisha ukumbi ukalala ubavu, ukagandia hapo. Mjumbe mmoja aliuliza, akiwa na uso mkavu, kama wajawazito watapewa ngazi. Wakacheka wote. Wakampa nafasi moja ya mwisho, Ijumaa saa nne. Akishindwa, kazi inakwenda kwa kampuni.

"Nikakumbuka nina mkwe," alisema mama mkwe, akiiweka mashine juu ya kaunta. "Binti yangu ananiimbia kila siku kwenye simu. Mume wangu anabadilisha kadi, mume wangu anabadilisha kadi. Haya, baba. Nibadilishie."

"Mama usiwe na wasiwasi," mke alidakia kabla fundi hajavuta pumzi. "Hiyo kwake ni kama kumenya ndizi."

Mteja mwingine fundi angemwambia kadi za aina hiyo zimekwisha. Angesema zinakuja mwezi ujao. Lakini mbele ya mama mkwe fundi huyu hata kukaa hakukaa mpaka akaribishwe, na hilo ni duka lake mwenyewe.

"Niachie, mama," alisema. "Upite jioni."

"Nipite wapi? Nakaa hapa hapa." Akabeba kigoda, akasogeza pazia kwa kiwiko, akaingia.

"Mama, huku ndani kuna vumbi."

"Nimekaa na wahandisi miaka thelathini na moja. Vumbi litanifanya nini?"

Ndipo skrubu ya kwanza ilipodondoka. Tik. "Moja," akasema mama mkwe. Alikuwa ametoa penseli na kuchora tumbo la laptopu kwenye kipande cha karatasi, na kila skrubu iliyotoka aliiwekea namba mahali pake. "Hii ya nne ni fupi," alionya. "Usije ukaichanganya na ya saba." Fundi alishikwa na aibu ya kimyakimya. Katika miaka yote ile, kila alipomaliza kufunga mashine, ilikuwa kawaida kubaki na skrubu moja mkononi, na alikuwa na kopo zima la skrubu ambazo wenyewe hawakujua wamezipoteza.

Zilikuwa kumi na moja. Kifuniko kikatoka. Mama mkwe akavaa miwani, akainama juu ya ubao ule wa kijani na njia zake nyembamba na vibanda vyake vyeusi, akauangalia kama aangaliavyo ramani ya mji asioujua.

"Wamepanga vizuri," alikubali. "Kadi ni ipi?"

Fundi akaonyesha kwa ncha ya bisibisi.

"Hiyo? Mbona hiyo imeshikana na ukuta?"

"Ndiyo, mama."

"Unaing'oaje?"

Fundi akasafisha koo. Akalisafisha tena. Mama mkwe, akidhani ni siri ya ufundi, akaheshimu. Akatoa bahasha kwenye mkoba. "Halafu ile ya zamani utanitilia humu. Mimi hata nikibadilisha kitasa, cha zamani naondoka nacho. Ofisini walituibia sana kwa mtindo wa 'tumebadilisha'. Mtu akibadilisha, nionyeshe kilichotoka."

Bahasha ilikuwa nyeupe, mpya, na juu yake, kwa zile herufi za wachora ramani zilizosimama wima kama askari, ilikwisha kuandikwa: KADI YA ZAMANI.

Simu yake ikalia. "Mwenyekiti huyo," alinong'ona, akatoka nje kuisikiliza.

Fundi akabaki peke yake na bahasha. Mikono yake, kama kawaida yake, haikusubiri. Ikatoa vumbi, na lilikuwa vumbi la kuheshimika, limesukwa kwenye feni kama mkeka. Ikafuta dawa iliyokauka, ikapaka nyingine. Ikaongeza memori. Akaiwasha, akalifungua jengo, akaligeuza kuelekea mlangoni. Paa likatoweka. Akahesabu. Kabla ya hapo kurudi kwake kulichukua muda wa kuchemsha maji. Sasa lilirudi kwa sekunde ishirini na tano. Akajaribu kutembea ukumbini. Hatua nne nzuri, ya tano ikakwama.

Ilikuwa afadhali, na kwa karani wa bima ingekuwa muujiza. Kwa Ijumaa saa nne haikutosha.

Kutoka nje sauti ya mama mkwe ilipenya mlango, kaunta na pazia. "Ndiyo, mwenyekiti. Mkwe wangu ananibadilishia kadi hivi ninavyoongea nawe. Hapana, safari hii haligandi. Hapana, mwenyekiti. Nakuapia kwa kazi yangu. Kama litaganda, wapeni hao kampuni, na mimi penseli naiweka chini."

Fundi alikuwa na kibandiko mkononi. Hakujua amekitoa saa ngapi. Mikono tu ilikwenda kwenye boksi kama ng'ombe aendavyo zizini. Kadi mbovu za kompyuta za mezani zilikuwa tatu kwenye droo, na moja ingeingia kwenye bahasha bila kujikunja. Mama mkwe hajawahi kuona kadi iliyong'olewa. Angejuaje? Angeondoka ameridhika. Angebaki ameridhika mpaka Ijumaa, saa nne na dakika tano, hatua ya tano ukumbini.

Akaibandua radi kwenye karatasi yake. Ikamganda kidoleni. Akaitikisa, haikutoka. Akaihamishia kidole cha pili, ikahamia pamoja naye. Hivyo ndivyo mama mkwe alivyomkuta, akipigana na radi.

"Tayari?"

"Mama." Alisimama. "Hii kadi haitoki."

"Haitoki yangu, au?"

"Haitoki ya mtu yeyote. Mimi, mama, sijawahi kubadilisha hata moja."

Mama mkwe akavua miwani.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Na karani wa bima, ambaye binti yangu kamsimulia mpaka nimejua jina la gari lake?"

"Vumbi."

"Na yule mwalimu?"

"Vumbi, mama. Pamoja na memori kidogo."

"Na hiki nini?" Alimshika kidole.

"Hicho ni... wanapenda."

Mama mkwe alikaa kwenye kigoda polepole. Hakupiga kelele, na fundi angetamani apige. "Mimi nimeapa," alisema. "Nimeapa kwenye simu, sasa hivi, mbele ya duka lako, chini ya bango lako."

"Ndiyo maana nimesema, mama. Ningekuacha uende nayo hivyo, ungesimama peke yako mbele ya watu wale."

Mama mkwe akavaa tena miwani. Kisha akafanya jambo ambalo watu waliochora majengo ya watu wengine kwa miaka thelathini na moja hulifanya bila kufikiri: alipoona ukuta hausogei, alianza kuangalia vyombo vilivyomo ndani.

"Kinacholemea ni nini humu ndani? Jengo lenyewe?"

Hilo fundi alilijua, maana alikuwa fundi kweli, mtaa tu ndio haukumpa nafasi ya kulionyesha. Aliinama, akafungua orodha ya vitu vyote vilivyomo kwenye mchoro pamoja na uzito wa kila kimoja, akaisogeza mbele ya mama mkwe. Kuta zote, madirisha yote, paa na msingi vilikuwa vyepesi. Mabomba kumi na manne yalikuwa mazito, kwa sababu kila moja lilichorwa mpaka mikunjo ya skrubu zake. Na juu kabisa, kizito kuliko zahanati nzima mara sita, kilikaa chungu kimoja cha maua.

"Chungu hiki?" mama mkwe aliuliza.

"Kina majani elfu tisa, mama. Kila jani lina mishipa yake."

"Nilikitoa kwenye mtandao," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo. "Nimekiweka mapokezi. Nilitaka mwenyekiti aone uzuri."

Fundi akauma mdomo wa chini. Mama mkwe akamwona akiuuma. Kicheko kilianzia mabegani mwake, kikapanda, na mke aliyekuwa kaunta akachungulia pazia akakuta mama yake akifuta machozi kwa bahasha nyeupe, na mume wake akicheka huku radi nyekundu ikimeremeta kidoleni.

"Kuna nini? Mmeshabadilisha?"

"Tunabadilisha," alisema mama yake. "Funga pazia."

Walifanya kazi Jumatano ile na Alhamisi yote. Mama mkwe alichora mabomba upya, mepesi. Fundi alipunguza vivuli, akatoa miti ya nje ambayo hakuna mgonjwa angeihitaji. Chungu cha maua mama mkwe alikiangalia kidogo, akakifuta mwenyewe. Alhamisi alasiri walitembea ukumbi mzima kutoka mlangoni hadi chumba cha kujifungulia, wakarudi, wakapita tena, na paa halikuthubutu kuondoka.

Ijumaa kamati ilitembea. Yule mjumbe wa ngazi alitafuta la kusema mpaka dakika za mwisho.

"Jengo zuri," alisema, "ila hapa mapokezi naona pakavu. Hakuna hata ua."

"Maua mtapanda wenyewe," alijibu mama mkwe, akasogeza nakala ya ramani ili kamati iidhinishe kwa sahihi. Kwenye kona ya chini, kwa herufi zilizosimama wima, jina lilikuwa lake.

Jumamosi alikuja dukani na ngazi ya kukunja, rula na kopo la rangi. Alimweleza binti yake kila kitu kaunta, kwa sauti ya chini. Kisha mama akapanda juu. Alipomaliza, bango lilisema: TUNASAFISHA LAPTOPU.

"Mama, unatufungia duka," mke alilia. "Nani atavuka mitaa mitatu kuja kuambiwa ni mchafu?"

"Mtu mwenye laptopu chafu."

Ilionekana hao hawapo. Siku tatu hakuingia mtu. Wapita njia walisoma bango, wakajiangalia mashati, wakaharakisha. Fundi alikaa nyuma ya pazia akirudisha skrubu za kopo kwenye mashine za wateja zilizobaki dukani, moja moja, akifuata namba alizochora mwenyewe kwenye karatasi kama alivyomwona mama mkwe.

Siku ya nne akaja karani wa bima. Hakuja peke yake: alimtangulia mkurugenzi wake, bwana mpana mwenye manukato yaliyofika kabla yake, amebeba laptopu ambayo bei yake ilikuwa imeandikwa kwenye namna alivyoibeba. Bango hawakulisoma. Watu wa namna hiyo husomewa.

"Huyu ndiye yeye, mkuu," karani alisema kwa sauti ya kusikika barabarani, akigonga kwa kucha kibandiko chekundu kwenye laptopu yake mwenyewe. "Bwana Kadi mwenyewe. Mimi aliniwekea kadi, na mpaka leo naruka."

"Nataka kubwa kuliko ya huyu," mkurugenzi alisema. "Mara mbili yake."

Mke, kaunta, alimtazama mumewe. Macho yake hayakusema la kumwombea wala la kumzuia. Kwenye kigoda kando ya mlango mama mkwe alikuwa akinoa penseli, kisu kikaacha kunoa. Karani alikuwa akitabasamu kwa fahari, mkono juu ya laptopu yake, na fundi aliona kwamba neno moja la kweli lingeweza kuwaangusha wawili, karani na mkuu wake, kwa mpigo.

Aliifungua mashine pale pale juu ya kaunta, mbele ya pazia. Tik, tik, tik. Akainua kifuniko. Ndani, juu ya feni, kulikuwa na vumbi la kijivu, nene, na katikati yake kipande cha biskuti.

"Unaona nini?" mkurugenzi aliuliza. "Imepitwa na wakati, siyo?"

Fundi akaweka bisibisi chini. Akachukua brashi. Akainama juu ya kaunta mpaka mdomo wake ukafika karibu na sikio la bwana yule, ili karani asisikie, ili mtaa usisikie, akasema kwa sauti ndogo kuliko sauti ya skrubu:

"Samahani, mkuu. Ni chafu tu."